Kuchora skrini za programu kwa akili mnemba: mwongozo kutoka mwalo wa Kibirizi

Shangazi yangu ananunua dagaa mwalo wa Kibirizi, anaanika mwenyewe, kisha anauza kwa wanaosafirisha na kwa akina mama wa mitaani hapa Kigoma. Daftari lake la madeni ni kauntabuku yenye jalada gumu, ameifunga mpira ili upepo wa ziwa usiifunue. Aliniomba nimtengenezee programu, "hilo daftari liingie kwenye simu." Nikafungua kifaa cha akili mnemba, nikaandika mstari mmoja, na kabla ya dakika mbili nikawa na skrini yenye rangi nzuri, grafu mbili na salamu ya kumkaribisha mtumiaji. Nilipompelekea, aliiangalia kidogo akanirudishia simu. Hakuwa na pa kuanzia.

Nilianza upya, na safari hii nilifuata hatua ninazozieleza hapa. Zinamfaa yeyote mwenye laptopu au simu nzuri na bando la kawaida, hata kama hajasomea usanifu. Kama unauza mawese Ujiji au asali Tabora, badilisha bidhaa tu. Kazi ni ile ile.

1. Soma daftari kabla ya kufungua kifaa

Hatua hii ndiyo ndefu kuliko zote, na kwenye hatua hii akili mnemba haina cha kukusaidia. Nenda kwa mtu anayefanya kazi yenyewe, kaa naye asubuhi moja, uangalie anavyoandika.

Ukurasa wa shangazi uko hivi. Kushoto kuna jina, na mara nyingi si jina hasa: "Mama wa Bangwe", "Kijana wa pikipiki nyekundu". Katikati kuna kiasi: ndoo 2, sado 1. Kulia kuna pesa. Mtu akilipa, shangazi anachukua rula anakata mstari mmoja juu ya jina, anaandika tarehe pembeni. Aliyelipa nusu anakatwa nusu ya mstari.

Nilimuuliza kwa nini anahangaika na rula badala ya kufuta au kuchana ukurasa. Akanijibu: "Mwanangu, nikimfuta nitajuaje kwamba huyu analipaga?"

Jibu hilo lilibadilisha mradi mzima. Ile mistari iliyokatwa ndiyo anayoiangalia kabla hajamkopesha mtu tena. Skrini yangu ya kwanza ilikuwa inamwondoa mtu kwenye orodha akishamaliza deni, kama programu nyingi zinavyofanya, na kwa kufanya hivyo ilikuwa inatupa kitu chenye thamani kuliko vyote kwenye daftari.

Kwa hiyo andika majibu ya maswali haya: anapofungua daftari, jicho lake linatafuta nini kwanza? Anaandika akiwa amesimama au amekaa? Mkono mmoja uko wapi? Ni kitu gani hakifuti kamwe? Kwa shangazi, jicho linatafuta jina la mtu aliyesimama mbele yake wakati huo. Jumla ya madeni yote anaitaka mara moja kwa wiki, jioni, akiwa nyumbani. Basi jumla haina haja ya kukaa ukurasa wa mbele.

2. Chora kwa kalamu

Karatasi moja, skrini tatu: orodha ya majina, ukurasa wa mtu mmoja, na sehemu ya kuandika deni jipya. Maboksi na mistari yanatosha. Ukiona umefika skrini ya saba, umeanza kujichorea wewe mwenyewe. Punguza.

3. Chagua kifaa

Vifaa viko vingi, na majina yanabadilika haraka, ila unaweza kuvigawa kwa kazi vinazofanya.

Kuna vya mazungumzo kama ChatGPT, Claude na Gemini. Hivi unaongea navyo, navyo vinaweza kukuandikia HTML (lugha inayotengeneza kurasa za wavuti) ya skrini nzima ukaifungua kwenye kivinjari. Kuna vya kuchora skrini: Stitch ya Google, iliyotoka Mei 2025, Figma Make iliyotangazwa mwezi huo huo, na Uizard, ambayo inaweza kuchukua picha ya mchoro wako wa kalamu ikaugeuza kuwa skrini. Halafu kuna vya kujenga programu inayofanya kazi moja kwa moja, kama v0 ya Vercel na Lovable.

Kwa anayeanza ninashauri uanze na kifaa cha mazungumzo kimoja na cha kuchora kimoja, vyote kwa akaunti ya bure. Cha kujenga programu kiache kwanza. Ukianza nacho utaanza kurekebisha hitilafu za kodi (code, yale maandishi yanayoendesha programu) kabla hujajua kama skrini yenyewe inamfaa mtu.

4. Andika maelekezo kama unamwelekeza fundi mgeni

Ukiandika "nichoree programu ya madeni", kifaa kinakupa wastani wa programu zote kilizowahi kuona, na nyingi kati ya hizo zilitengenezwa kwa watu wa ofisini. Ndiyo sababu zinakuja grafu, menyu ya pembeni na ile rangi ya zambarau inayoyeyukia kwenye buluu, ambayo sasa naitambua hata kwa mbali.

Haya ndiyo maelekezo niliyotumia baada ya kurudi kutoka mwaloni:

"Chora skrini ya simu yenye upana wa pikseli 360. Mtumiaji ni mfanyabiashara wa dagaa, amesimama juani, mkono mmoja umeshika ndoo. Anataka kujua mtu aliye mbele yake anadaiwa kiasi gani. Juu kabisa weka sehemu ya kutafutia, yenye maneno 'Tafuta jina'. Chini yake iwe orodha ya watu: jina kushoto, deni kulia, kwa mfano 'Mama wa Bangwe' na '45,000/='. Aliyemaliza deni abaki kwenye orodha, jina likatwe kwa mstari, na tarehe ya kulipa ionekane. Chini kabisa weka kitufe kimoja kipana kilichoandikwa 'Andika deni'. Mandharinyuma nyeupe, maandishi meusi. Usiweke grafu, picha, menyu ya pembeni wala salamu. Tumia maneno ya Kiswahili kama nilivyoyaandika, usitafsiri na usiongeze."

Ona kilichomo: mtu, mahali aliposimama, kitu kimoja anachotafuta, mpangilio kutoka juu kwenda chini, mfano wa data halisi, na orodha ya visivyotakiwa. Sehemu hiyo ya mwisho usiiache. Kifaa kina tabia ya kujaza nafasi, na kila kilichojazwa ni kitu cha ziada cha kumchanganya shangazi.

Upana wa pikseli 360 nimeutaja kwa makusudi, kwa sababu simu nyingi za Android za bei ya kawaida zina upana huo au unaokaribiana nao. Usipoutaja, unaweza kuletewa skrini ya kompyuta au ya simu kubwa, halafu kila kitu kikabanana baadaye.

5. Rekebisha jambo moja kwa wakati

Skrini ikija, usiandike marekebisho sita kwenye ujumbe mmoja. Kifaa kitafanya manne, kitasahau mawili, na huenda kikaharibu moja lililokuwa sawa. Andika: "Ongeza urefu wa kila mstari wa orodha, mengine yote yaache kama yalivyo." Angalia. Piga skrinishoti au hifadhi nakala. Endelea na lingine.

Kikianza kuzunguka pale pale, kikirekebisha huku na kuharibu kule, acha mazungumzo hayo. Chukua maelekezo yako ya mwanzo, ongeza humo yote uliyojifunza, fungua mazungumzo mapya. Hiyo inaokoa bando kuliko kubishana nacho.

6. Kagua Kiswahili neno kwa neno

Hapa ndipo nilipopata kosa lililonitisha. Kwenye ukurasa wa mtu mmoja, kifaa kiliandika chenyewe: "Mama wa Bangwe anadai 45,000/=". Nilipita bila kuona. Shangazi aliona papo hapo: "Mimi ndiye ninayemdai. Hapa mmeandika yeye ndiye ananidai mimi." Herufi mbili tu zimekosekana, anadai badala ya anadaiwa, na deni limegeuka upande. Programu ya pesa ikikosea hivyo mwaloni, watu wanagombana.

Kwa hiyo maneno yote ya skrini yaandike wewe, na uyasome kwa sauti mbele ya mtumiaji. Vifaa hivi vinapenda maneno kama "Wasilisha", "Dashibodi", "Unda rekodi mpya" na "Malipo yanayosubiri". Ni Kiswahili, ila mwaloni hakuna anayeongea hivyo. "Andika deni", "Amelipa", "Bado" yanatosha.

Kuna na urefu. Neno la Kiingereza "save" lina herufi 4, "hifadhi" lina 7. Vitufe vilivyopimwa kwa maneno ya Kiingereza vitakata maneno yako katikati au kuyashusha mstari wa pili. Kila kitufe kikague kikiwa na neno lake la mwisho, na fonti ya ukubwa uleule utakaotumika.

Saa nayo inahitaji jicho. Shangazi ananunua saa 12 asubuhi, mitumbwi inaporudi. Kifaa changu kiliandika manunuzi hayo kuwa ya saa 12:00 usiku wa manane. Eleza wazi kwenye maelekezo: saa 12 asubuhi ni 06:00, saa 2 usiku ni 20:00. Kama programu haihitaji saa kabisa, weka tarehe peke yake na uondokane na shida hiyo.

Mengine ya kusaka: alama ya dola, senti baada ya nukta (sisi hatuandiki 45,000.00), namba ya simu isiyo na tarakimu 10, sehemu mbili za jina la kwanza na la ukoo wakati mtu anajulikana kama Kijana wa pikipiki nyekundu, vipimo vya kilo peke yake wakati watu wanauziana kwa ndoo, sado na gunia. Na kama ni tovuti ya kuuza, kuna sehemu ya kujaza namba ya kadi ya benki. Iondoe, weka Lipa Namba na jina litakalotokea mteja akilipa.

7. Ipeleke juani

Skrini inayopendeza chumbani inaweza isionekane kabisa saa 6 mchana kwenye mchanga. Tatizo kubwa ni maandishi ya kijivu kilichofifia, ambayo akili mnemba inayapenda sana kwa tarehe na maelezo madogo.

Kuna kipimo. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya kurasa za wavuti zitumike na watu wote, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandharinyuma kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1, na maandishi makubwa angalau 3 kwa 1. Kijivu cha #999999 (hiyo ni namba ya rangi kwenye kompyuta) juu ya nyeupe kinatoa karibu 2.8, hakifiki. Kijivu cha #767676 kinapita kwa shida. Kwa kazi za nje sishauri hata hicho. Tumia nyeusi au karibu na nyeusi. Vikokotoo vya uwiano huu viko vya bure mtandaoni, unaingiza rangi mbili unapata jibu. Usikiulize kifaa kilichochora kama rangi zinatosha ukaridhika na jibu lake. Pima mwenyewe.

Upande wa vidole, Google wanashauri kitu cha kubonyeza kisipungue vipimo 48 vya skrini kila upande, karibu milimita 9, na Apple wanasema 44. Kwa mwaloni niliongeza hadi 64. Mikono ya shangazi ina maji na magamba, na skrini ya kugusa hubabaika ikipata maji. Pia nilitenganisha "Amelipa" na "Andika deni" zisikae jirani, kidole kisije kikateleza.

8. Omba skrini mbovu

Akili mnemba huchora siku nzuri: orodha ina watu watano, majina mafupi, mtandao upo. Wewe iombe siku nyingine, moja moja. Orodha ikiwa tupu siku ya kwanza, inaonyesha nini? Jina likiwa na maneno matano? Deni likifika milioni? Mtu akilipa zaidi ya anachodaiwa? Ukitafuta jina ambalo halipo?

Na mtandao ukikatika. Kando ya ziwa hilo ni jambo la kila siku, kwa hiyo skrini lazima iseme kwa maneno ya kawaida: "Imeandikwa kwenye simu. Itatumwa mtandao ukirudi." Kile kiduara kinachozunguka bila maelezo humfanya mtu abonyeze tena, na deni linaandikwa mara mbili.

9. Wape watu, kisha nyamaza

Muda mzuri wa kujaribisha ni siku za mbalamwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti samaki vizuri, mitumbwi mingi inapumzika na wafanyabiashara wana nafasi ya kukaa.

Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya programu, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kuonyesha sehemu kubwa ya matatizo ya skrini. Mimi nilipata wanne, na wa tatu tu alikuwa ameshanionyesha makosa niliyokesha nayo. Mpe mtu simu, mpe kazi moja: "Kijana wa pikipiki amekuja kulipa nusu, mwandikie." Halafu funga mdomo. Usielekeze kidole, usiseme "hapo juu". Andika alipokwama, na neno alilolitamka alipokwama, kwa sababu mara nyingi neno hilo ndilo linalotakiwa kuandikwa kwenye kitufe. Mama mmoja aliangalia "Malipo ya sehemu" akauliza, "Naguza wapi kama amepunguza?" Kitufe hicho sasa kinaitwa "Amepunguza".

Majibu yale yarudishe kwenye kifaa, jambo moja moja, kama hatua ya 5.

10. Tahadhari mbili kabla ya kwenda mbele

Usipige picha daftari halisi la mtu ukalipakia kwenye kifaa cha akili mnemba. Majina, namba za simu na madeni ni taarifa za watu wengine ambao hawakukubali. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na hata kama isingekuwepo, mtu hapendi deni lake litembee. Tunga majina ya mfano yenye urefu na mtindo uleule. Hata majina unayoyasoma humu nimeyabadilisha.

La pili ni kufanana na kazi za watu. Mwaka 2024 Figma walikizima kwa muda kifaa chao cha kuchora skrini baada ya kuonekana kinatoa muundo unaofanana mno na programu ya hali ya hewa ya Apple. Ukiona skrini yako inakukumbusha programu fulani maarufu, badilisha mpangilio. Mchoro wako wa kalamu wa hatua ya 2 ni kinga nzuri, maana umetoka kwenye daftari la mtu wako.

11. Kutoka mchoro hadi simu

Skrini zikikubalika, omba kodi ya HTML, ifungue kwenye simu yenyewe ya mtumiaji, si ya kwako. Omba kifaa kiondoe fonti na picha zinazovutwa kutoka intaneti, kitumie fonti zilizomo kwenye simu. Ukurasa utakuwa mwepesi na utafunguka hata bando likiwa dogo.

Kumbuka kwamba hadi hapa una sura tu. Kuandika deni likabaki ni kazi nyingine. Kama data inahifadhiwa ndani ya kivinjari, itapotea siku mtu akisafisha kumbukumbu ya kivinjari hicho, au simu ikidondoka ziwani. Tafuta mtu anayejua kuandika kodi za programu akusaidie kuweka nakala mahali salama, na usimwambie mtumiaji kwamba imekamilika kabla ya hapo.

Kwa mwezi mzima wa kwanza tuliandika kote kuwili, kwenye kauntabuku na kwenye simu. Kila jioni tulilinganisha mistari. Wiki ya kwanza palitofautiana mara nyingi, hasa kwenye waliolipa nusu, kwa sababu programu ilikuwa inaonyesha kilichobaki bila kuonyesha alichokopa mwanzo. Shangazi alitaka vyote viwili vionekane, na nilivirudisha.

Wiki ya tatu alikuja mteja asubuhi, mitumbwi ikiwa ndiyo inashusha. Shangazi hakufungua mpira wa kauntabuku. Alibonyeza jina kwenye simu, akashusha orodha kwa kidole gumba, akahesabu mistari iliyokatwa kwa sauti ya chini hadi saba. Akamgeukia kijana wake: "Mpimie ndoo mbili."